Nati ya Gurudumu la Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Siri niliyoificha mwezi mzima: breki ya skuta ya binti yangu hailegei yenyewe. Nailegeza mimi. Mzee wa miaka themanini na mitatu, mwalimu mstaafu wa fizikia! Moyo umechoka. Daktari amenipa miezi michache na katazo la kutoka nje. Miezi naishukuru. Katazo nimelisamehe.

Leo nati ya breki kwenye gurudumu la nyuma, nimeilegeza mizunguko miwili. Kupiga magoti kulikuwa rahisi. Kuinuka, loo! Binti akanikuta chini, akauliza baba unatafuta nini. Nikasema miwani. Akasema mbona umeivaa. Nikamshukuru.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umejibu. Binti kalalamika: mkono wa kulia, wa breki ya mbele, umekaza na unashika papo hapo; wa kushoto, wa nyuma, unakwenda mpaka unagusa usukani, kama anakamua kitambaa. Akampigia fundi. Fundi akaja, akakaza nati. Dakika tano tu.

Lazima nieleze. Fundi huyu nilimfundisha. Kwenye mtihani niliuliza breki ipi ya pikipiki hufanya kazi kubwa zaidi. Akaandika ya mbele, kwa kuwa ukifunga breki uzito hukimbilia mbele. Nikamwekea kosa kwa wino mwekundu. Akabisha, nikamtoa darasani. Alifeli kwa alama hiyohiyo, na shule akaiacha. Nataka kumwomba radhi kabla sijafa. Lakini kumwita kwa hilo tu? Mwalimu mzima! Afadhali breki.

Leo nilifungua kinywa. Nikamwambia dari yetu inavuja.

Alhamisi, 6 Machi
Jana mizunguko mitatu. Kosa kubwa!

Binti hupeleka mayai madukani, trei zimefungwa nyuma ya kiti. Leo mbwa kakatiza. Mkono wa kushoto haukushika kitu, akaubana wa kulia kwa nguvu zote. Skuta ikainamisha pua, kamba ikakatika, trei zikamrukia mgongoni. Amerudi mzima, ute unang'aa toka shingoni hadi kiunoni. Akasema baba, kuanzia leo niite kimanda. Akacheka peke yake. Mungu wangu, asante. Asante. Nusura nimuue mwanangu kwa ajili ya aibu yangu.

Uzito hukimbilia mbele. Mayai sitini yamethibitisha.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekiri kwa binti habari ya nati. Akauliza nimerogwa au nimezeeka tu. Nikachagua uzee. Akaninyang'anya spana, akaniapisha: breki sigusi tena. Nikaapa, mkono juu. Akasema baba, ukitaka mtu wa kupiga naye soga si useme? Halafu akanipaka dawa magotini, polepole, huku bado amenuna. Nimejaliwa mtoto.

Fundi alikuja mchana. Binti hakunichongea. Fundi alipomaliza kukaza akaniketisha kwenye kiti cha skuta, akasema minya mwalimu, haing'ati. Kushoto: ulaini kidogo, kisha unashika. Kulia: mgumu, lakini unatii kidole kimoja. Raha iliyoje! Sijawahi kufundishwa vizuri hivyo. Akasema huu wa kulia ndio wenye kazi kubwa, mwalimu, ila wewe ulinikatalia. Akacheka, hana hata chembe ya kinyongo.

Mlango wa kuomba radhi ule, wazi kabisa! Nikamwambia shati lake limekatika kifungo. Akasema ahsante, mwalimu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeamka. Nashukuru. Breki zote mbili safi, binti kazisifu mwenyewe.

Ila honi imekufa. Ajabu! Binti kanitazama muda mrefu mno, akaguna, akasema hii nyumba ina jini la pikipiki. Akampigia fundi. Kiapo kilihusu breki. Honi haikutajwa. Na waya wake uko juu, mtu hapigi magoti.

Anakuja saa nne. Leo nitamwambia. Nikishindwa, au moyo ukizima kabla, atakayesoma hapa amfikishie: jibu lake lilikuwa sahihi. Nilijua siku ileile nilipomtoa darasani, kabla hajafika mlangoni.