Sura Inayofaa kwa "Mwongo Wangu"

Wananchi mnatangaziwa kwamba enzi ya wanamuziki kutoa albamu zenye sura zao wenyewe, ovyo ovyo, bila mwongozo, imefika kikomo. Imeundwa Kamati ya Sura za Majalada, na mimi ndiye Katibu wake. Msinipongeze sana. Majukumu ni mazito na kiti kinabana.

Wa kwanza kufika mbele yetu alikuwa mwimbaji mmoja, binti, aliyekuwa akitoa albamu yake ya kwanza. Iliitwa *Mwongo Wangu*: nyimbo za mapenzi yaliyovunjika, mwanzo hadi mwisho. Alikuja na shangazi yake, msanifu wa majalada, mwanamke asiye na adabu kwa samani za umma. Aliweka mkoba wake juu ya meza ya mikutano.

"Sauti yangu wanaijua redioni, ila sura hawaijui," binti alisema. "Nikipita mtaani hageuki mtu. Jalada hili ndilo litakalonitambulisha. Naombeni tu mniache nionekane mimi."

Ombi la kusikitisha. Tukalichambua hivyo hivyo.

Katika picha ya kwanza alikuwa anacheka. Tukamuuliza, unamcheka nani? Tukaikataa. Katika ya pili analia, jambo ambalo wakati huu wa maendeleo ni uchochezi. Katika ya tatu amefumba macho. Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, akasema raia anayelala hawezi kuwa mfano kwa vijana, kisha akasinzia kidogo.

"Basi tumpige picha ya kisogo?" shangazi akauliza.

"Kuipa serikali kisogo ni kosa, mama," nikamwelimisha.

Binti akaangua kilio. Ilibidi nimkumbushe kwamba kulia tumeshakukataa.

Kilio kikamwamsha Mkurugenzi, naye, kwa moyo wa kujitolea, akapata suluhisho. Jalada libebe sura iliyokwisha kuhakikiwa. Na jengo zima lilikuwa na sura moja tu ya namna hiyo, ile iliyotundikwa kila ofisi, na chooni pia. Ya kwake.

Shangazi alimkazia macho kwa muda, akamkanyaga binti mguu chini ya meza. Machozi yakakauka ghafla. Sikuelewa kwa nini.

"Na jina la albamu, bosi, libaki lile lile?" shangazi akamuuliza.

"Majina hayatuhusu sisi," Mkurugenzi akajibu. " Kuna Idara ya Majina, na walishalipitisha."

"Haya, mheshimiwa. Tabasamu basi."

Akatabasamu mpaka magego.

Wiki haikuisha jalada likawa kwenye milango ya saluni na vioo vya mabasi: Mkurugenzi, meno nje, na chini yake kwa herufi nyekundu, MWONGO WANGU. Hata wasio na redio walinunua. Binti akaitwa kila kituo cha televisheni aeleze imekuwaje, naye akaeleza bila kuficha. Sasa akipita mtaani watu wanageuka. Mkurugenzi naye wanamgeukia. Jana wauza mitumba walisimama wote kwa heshima: "Shikamoo, Mwongo!" Akaitikia marahaba kabla hajasikia vizuri.

Leo ameiomba Idara ya Majina, kwa dharura, ibadilishe jina hilo. Wamejibu upesi kuliko kawaida yao. Wamelinganisha jina na picha, wakaona vinaendana kabisa. Wamegundua kosa dogo tu la sarufi: kwa kuwa anayeonekana ni mtumishi wa umma, toleo lijalo lisomeke *Mwongo Wetu*.