Makaa ya Kupelekea Karwirwa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Baridi ya Runyenjes! Mafua. Pua imeziba kabisa. Kazi ni ile ile: mimi nachoma matawi ya kahawa kwa pipa, mwenzangu Mugendi anachukua makaa, inazikwa shambani. Makaa nzuri, inalia kama chupa! Inazikwa kama mtu.
Afisa wa mradi wetu, Ednah, alikuja kueleza tena. Eti mti umevuta hewa chafu, ukizika makaa hiyo hewa hairudi juu. Mugendi akauliza kama huko ng'ambo wameacha moshi. Ednah akasema lazima waache pia. Kuzika si ruhusa ya kuendelea kuchoma.
Sawa. Lakini makaa yangu imezikwa magunia mengi. Nikichoma moja, hewa itajua?

Jumanne, 10 Juni
Karwirwa wa hoteli analia na jiko. Makaa amenunua ni mbichi, moshi tupu. Yeye alifiwa na mume, mimi nilifiwa na mke. Nyumba yangu imenyamaza tangu Mama Kiende alale. Niko tayari kuoa.
Shida ni Mugendi. Amempelekea mkungu wa ndizi. Ndizi! Mama ako na moshi machoni, wewe unaleta ndizi!
Nikamwahidi makaa safi. Akasema wanaume wa hapa hujaza gunia na maneno.

Jumatano, 11 Juni
Saa ya githeri, wengine wakikula, nikafukua gunia moja. Ilikuwa na maji maji. Mvua hiyo. Mtu wa boda aliyeibeba akasema inanuka. Nikamwambia anuke yeye.
Karwirwa akaianika nyuma ya jiko. Akanipa chai na chapati mbili, bure! Akaniita Baba Kiende, polepole.
Mugendi alikuwa hapo. Akauliza hiyo makaa nimetoa wapi. Nikamwambia wivu itamuua. Akahamisha chai yake karibu na mlango.

Alhamisi, 12 Juni
Aibu!
Jiko iliwaka akina mama wa kanisa wakiwa ndani ya hoteli, na pasta wao. Harufu ya zizi! Pasta alitoka katikati ya maombi. Mbwa alirushiwa chapati, akanusa, akaenda zake.
Mugendi akaeleza watu wote. Kumbe kabla ya kuzika analoweka makaa kwa samadi na mkojo wa ng'ombe, ndiyo ilishe udongo. Mimi nachoma tu, sikuwahi uliza!
Karwirwa akasema kama hiyo ndiyo mahari yangu, niirudishe kwa ng'ombe.

Ijumaa, 13 Juni
Ednah aliniita. Akasema hiyo hewa yote imerudi juu, ni kama hatukufanya kazi. Nikamwambia ni gunia moja tu. Akasema kila mtu duniani ako na gunia moja tu.
Sijafutwa. Nimehamishwa kwa unga ya mawe. Inasagwa kwari, kule wanapasua mawe, tunamwaga shambani, mvua ikinyesha hiyo unga inakula hewa chafu. Mugendi amefanywa nyapara. Mungu anaona.

Jumamosi, 14 Juni
Sakafu ya hoteli imepasuka. Mugendi amemwahidi Karwirwa ataitengeneza mwezi ujao. Mwezi ujao!
Hii unga nimeiangalia vizuri. Laini. Rangi ya majivu. Simiti kabisa! Na lori ilikuja imejaa. Nimebeba mfuko mmoja tu.
Nimeinusa kwanza. Hainuki kitu. Kesho wakiwa kanisani, namwaga sakafu.