Kilima cha Arlen na Kilima Changu

Jumatatu, Julai 7

Wamekuja wengine leo. Mume na mke, kutoka Ohio, na kofia za kupandia milima na viatu vyenye kamba nyekundu. Wakasimama langoni kwangu. Nikadhani wanataka kununua mahindi mabichi. Wapi! Wanauliza kilima cha Arlen Nystrom kiko upande gani.

Kilima! Ukipita na gari hukioni. Ukipita na baiskeli labda utahema kidogo. Lakini Kaunti ya Brandvold yote ni bapa kama meza, na ramani ya serikali inasema shambani kwa Arlen ndipo mahali pa juu kuliko pote. Basi watu wanatoka majimbo ya mbali kuja kusimama pale wapigwe picha. Ameweka benchi. Ameweka bendera. Ameweka kitabu cha wageni, na kalamu imefungwa kwa uzi isiibiwe!

Nikawaelekeza njia ndefu, ya kuzungukia darajani. Lorna, mke wangu, akatoka na maji ya limau na biskuti, akawaelekeza ya mkato.

Kama hiyo haitoshi, kijitabu cha miaka mia na hamsini ya kaunti kimetoka leo. Sura ya jiografia kaandika nani? Arlen. Atakayehutubia kwenye sherehe? Arlen. Ukoo wake una kurasa tele, na picha za mababu wenye ndevu. Ukoo wangu una sentensi moja: "Akina Kubicek pia walifika."

Pia! Babu wa babu yangu alifika kabla ya Nystrom yeyote. Sema tu alifika na homa, akalala huko mtoni msimu mzima, na alipopata nafuu Nystrom alikuwa ameshajiandikishia shamba la kilimani.

Gazeti nalo limempiga picha, ameshika mkongojo. Wa nini? Hachechemei.

Jumanne, Julai 8

Nimepanda kilima changu mwenyewe, kile cha nyuma kwenye malisho. Nikaweka pimamaji juu ya nguzo ya ua, nikafumba jicho moja, nikaangalia kwa Arlen. Tuko sawa! Na nikisimama kwa vidole, namzidi.

Nikaenda mkahawani kwa Pearl, pale mjini Halvor, nikalitangaza mbele ya watu wote. Lester Groth, muuza mbegu, akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "We Vernon," akasema, "hicho chako si kilima. Hicho ni ng'ombe kalala."

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Arlen alikuwa pale pale, anakula mayai yake. Hakucheka. Akajipangusa mdomo taratibu, akasema, "Jirani, waite waje wapime. Wakikuta chako ndicho kirefu, mimi mwenyewe nitakuhamishia benchi."

Umeona ubaya wake? Mbele za watu! Wote wakamtazama kama mtakatifu, na mimi kama mtu aliyekanyaga mbwa.

Nimepiga simu ofisi ya ramani ya jimbo. Wanasema wako kwenye kazi ya kupima upya kaunti zote kwa mitambo ya setilaiti, na mpimaji atafika huku wiki ijayo. Safi!

Alhamisi, Julai 10

Nimefikiri sana. Kuna haja gani ya kumwachia Mungu kila kitu? Ana kaunti nyingi.

Mpango ni huu. Udongo wa bwawa nilioufukua mwaka juzi umekaa bure nyuma ya ghala. Nitaupandisha kileleni kwa trekta. Nani atajua? Udongo hauna jina.

Lakini mimi si mtu wa kulipua kazi. Kile kilele kilikuwa na kinundu kibaya kama chunusi, chenye miiba na mashimo ya panya. Udongo mpya ungeteleza. Basi asubuhi nimekiparua kinundu chote, nikasawazisha, nikakisukumia bondeni. Pakawa safi kama sakafu ya kanisa. Halafu ndipo nikaanza kumwaga.

Lorna akaja kuuliza nafanya nini. Nikamwambia najengea ng'ombe mahali pa kupunga upepo. Akanitazama kama anavyotazama maziwa asiyoyaamini. Akarudi ndani.

Jumamosi, Julai 12

Kimekamilika! Kizuri ajabu. Tatizo lilikuwa rangi: kilima cha kijani chenye kichwa cheusi. Mpimaji yeyote mwenye macho angeshtuka. Lorna alipokwenda mjini nikakata nyasi za uani na mizizi yake, vipande kama mazulia, nikapandisha na kutandaza juu. Huwezi kujua!

Lorna amerudi. Amejua. Uani pamebaki udongo mtupu kuanzia barazani mpaka kwenye sanduku la barua. Kasema yale maua ya mama yake yalikuwa mule mule. Nikamwambia hayajaenda mbali, sasa yana mandhari nzuri zaidi ya maua yote kauntini. Nimelala kwenye kochi.

Halafu Bertha, yule ng'ombe mzee, kaamini maneno yangu. Amepanda kileleni kupunga upepo na hataki kushuka. Anaonekana kutoka barabara kuu. Watu wanapiga honi.

Jumapili, Julai 13

Kanisani. Mchungaji akaomba mvua kwa ajili ya mahindi. Kaunti nzima ikaitikia amina. Mimi nilibana midomo. Mahindi yangu nayo yanakauka, najua, lakini nyasi zangu za kileleni hazijashika.

Baada ya ibada wanawake wakamzunguka Arlen kumuuliza hotuba imefikia wapi. Kasema anatetemeka, yeye si mtu wa maneno. Wakamshika mkono. Kila mmoja! Mimi nilisimama karibu na birika la kahawa, natetemeka vilevile, hakuna aliyenishika.

Mawingu upande wa magharibi. Sijayapenda.

Jumatatu, Julai 14

Mvua imenyesha usiku kucha. Maombi ya watu wote dhidi ya yangu, nilitegemea nini?

Kilele kimeshuka. Zulia la nyasi limeteleza lote, pamoja na maua ya mama mkwe, likavuka ua na kulala katikati ya barabara. Bertha alikuwa amesimama juu yake, barabarani, anatafuna kama kawaida.

Nilikuwa naanza kuzoa tope nikasikia mtu anaimba. Arlen! Kaja na koleo lake na buti za mpira. Hakuuliza kitu. Akaanza kuchota.

Nikaona lazima nieleze. Nikasema ni mambo ya ng'ombe, upepo, joto la mwaka huu. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Ng'ombe wanateseka kweli," akasema. "Basi safari hii tuushindilie, Vernon. Ukiuacha legelege hivi utashuka tena."

Akaenda kwake akaleta rola lake la kushindilia udongo. Tumefanya kazi mpaka jioni. Arlen Nystrom, kwa mikono yake, amenijengea kilima kitakachompindua! Na kila nilipochoka alisema, "Ongeza kidogo, ng'ombe wakubwa hawa."

Sijui kama anajua. Kama hajui, ni mjinga. Kama anajua, basi hata wema anataka kunishinda. Sijalala vizuri.

Alhamisi, Julai 17

Siku yenyewe.

Mpimaji ni dada mmoja, Bi Renata Voss, mwembamba, mpole, na mtambo wake juu ya miguu mitatu unaosikiliza setilaiti. Nusu ya mkahawa wa Pearl ilikuja kutazama. Lester alileta kiti.

Tukaanza kwa Arlen. Mtambo ukalia, Bi Voss akaandika. Kisha kwangu. Mtambo ukalia, akaandika, akainua nyusi. Akasema kwa kipimo cha juu juu, hapa ndipo pa juu zaidi. Nikavua kofia kupokea pongezi.

Halafu akachukua chuma chembamba, akakichomeka ardhini. Kikazama kama kwenye keki.

"Mzee Kubicek," akauliza, "udongo huu ni wa lini?"

Nikamwambia wa kale sana. Wa enzi za barafu.

Akachimbua kidogo. Akatoa kiboya cha ndoano, cha plastiki, chekundu. Akakigeuza geuza mkononi. "Barafu ilikuwa inavua samaki?" Lester akaanguka na kiti chake.

Basi akaeleza, kwa upole, kwamba hupimwa ardhi ya asili tu, ile isiyoguswa. Akatoboa mpaka akaifikia. Akapima tena. Chini ya kile cha Arlen. Kwa shubiri! Nikasema basi, shubiri ni nini, watu waungwana hawagombanii shubiri.

Lakini yeye alikuwa anaangalia chini, kwenye shimo. Akauliza mbona ardhi ya asili imekatwa bapa namna ile. Je, kuna kitu kiliondolewa? Nikasema kinundu tu. Chunusi. Kirefu kiasi gani? Nikamwonyesha: kutoka kwenye kifundo cha mguu mpaka gotini.

Bi Voss akafumba macho.

"Mzee," akasema, "kabla hujaparua, mahali pa juu kuliko pote Kaunti ya Brandvold palikuwa hapa kwako. Ramani ya zamani ilikosea."

Arlen akavua kofia, kama kwenye maziko. Hata Lester akavua yake. Kisha Lorna akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akacheka mpaka akashika nyasi zake mwenyewe, zile za uani.

Ijumaa, Julai 18

Nimekaa chumbani, pazia limefungwa. Ukoo mzima, tangu yule wa homa, ulilala chini ya kilele cha kaunti bila kujua, na mimi ndiye nimekisukumia bondeni kwa trekta.

Arlen amekuja. Kasema kwenye hotuba atatangaza kwamba kilima cha Kubicek kilikuwa kirefu kuliko vyote tangu barafu ya kale mpaka Alhamisi ya wiki iliyopita. Nikamwambia asijisumbue.

Alipoondoka Lorna akaketi kitandani. Hakuwa anacheka tena. "Unajua kwa nini ameweka lile benchi?" akaniuliza. Nikasema majivuno. "Tangu mkewe Inga afariki, Vernon, hana mtu hata wa kumwambia habari za asubuhi. Wale wa kofia ndio watu wake. Na mimi nimechoka. Miaka yote hii nimeolewa na wanaume wawili, wewe na huyo Arlen uliyembeba kichwani, na yeye hata kula kwangu hali."

Sikumbuki mara ya mwisho Lorna kuniambia kachoka.

Mchana nimechukua kolache alizooka, vile vimkate vitamu vya plamu, nikapanda kwa Arlen. Tumekaa kwenye benchi. Amekula mbili, mimi tatu. Kutoka pale kilima changu kinaonekana vizuri, na Bertha juu yake. Arlen akasema, "Ujue nilikuwa najua." Nikamwambia nilihisi. "Sikuwahi kumshindilia mtu kilima tangu nizaliwe," akasema. "Nilifurahi sana siku ile."

Nikamshika bega. Nikasaini kitabu chake cha wageni. Wivu umeniisha, naandika hapa wazi. Mimi ni mtu mwingine.

Jumamosi, Julai 19

Sherehe kwenye uwanja wa mahakama, Halvor. Arlen kahutubia, kanitaja kwa jina, watu wamenipigia makofi wamesimama. Nikalia kidogo. Moyo mweupe kabisa.

Kisha Bi Voss, naye kaalikwa kusema machache, akaeleza habari za idadi ya watu. Kaunti inapungua, vijana wanahamia mijini, shule zinafungwa. Huzuni tupu. Nilikuwa naelekea kwenye nyama choma aliposema kwamba kila kaunti ina kitovu cha watu: mahali ambapo wakazi wote wakipimwa kama kwenye mizani, pande zote zinakuwa sawa. Chetu, akasema, kiko kwenye shamba la soya la Bi Ostrander, na husogea. Kila familia inapohama au kuhamia, husogea kuelekea waliko watu.

Shamba la Bi Ostrander! Nyumba ya pili kutoka kwangu!

Nikamvuta Bi Voss pembeni. Nikamuuliza kama watu huhesabiwa kwa uzito au kwa vichwa. Kwa vichwa, akasema, na akanitazama kwa wasiwasi. Vizuri. Hakuna kuparua, hakuna udongo, hakuna mvua. Watu tu, wa asili!

Nimempigia Janelle, binti yetu aliyeko Omaha. Nimemwambia mama yake amemkumbuka. Ile nyumba ya zamani iko tupu, paa linavuja upande mmoja tu. Waje wote: yeye, mume wake, watoto watano, na mama mkwe wake pia, namheshimu sana yule mama. Kasema atafikiria. Nikaanza kuchagua mahali pa bendera.

Ndipo Lorna akaingia na habari njema, uso unang'aa. Mjukuu wa Arlen anarudi kutoka Minneapolis kukaa na babu yake. Yeye na mume wake. Na ana mimba. Ya mapacha.

Mapacha! Upande wa mashariki, kwake! Wakati mmoja! Huyu Arlen hana haya!

Nimempigia tena Janelle. Nimemuuliza kama wamewahi kufikiria kupata wa sita.