Malalamiko Kuhusu Neno "Ametutoka" Katika Simu za Idara

Ndugu Mkuu wa Idara ya Lugha,

Salamu zako, baba, na za nyumbani kwako, na za wote waliomo katika korido yako. Mimi si mtu wa kuandikia wakubwa. Shule niliiacha mapema na kalamu hii nimeiazima kwa jirani, kwa hiyo nikikosea herufi unisamehe. Wewe ni mwalimu, umezoea kusahihisha. Mimi ndiye mama mzazi wa yule binti mnayemwita Fundi, fundi wenu wa kompyuta, aliyewawekea hiyo programu ya kuandikiana kwenye simu. Mwanangu ameifanya kazi yake vizuri, sina ubishi. Ninachoomba ni kwamba muing'oe.

Kwanza nieleze nimeingiaje humo, usije ukaniona mdukizi. Mwanangu alipokuwa akiijaribu alikuja nyumbani na kompyuta yake, akaitandaza juu ya meza ya chakula. Alihitaji simu ya pili, na simu ya pili katika nyumba hii ni yangu. Akaniingiza kwa jina la "Mama", akaniandikia, "Mama, unanipata?" Nikamjibu kwa mdomo, maana alikuwa kando yangu, akacheka mpaka akapaliwa. Siku ile tulikula pamoja. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Alirudi kwenye chumba alichopanga huko karibu na chuo, programu ikaanza kazi, mimi akanisahau humo kundini. Tangu hapo kila nikimwambia njoo ule, ananiandikia, "Mama, nipo." Kiti chake nakipangusa vumbi, nakirudisha mahali pake.

Basi malalamiko yangu ni haya.

1. Mlio. Simu inalia ting', kama kijiko kilichoangukia sahani, nami nadhani ni mwanangu. Naacha nguo kwenye beseni, nakimbia na povu mikononi. Nakuta ni ninyi. "Nani ana ufunguo wa chumba cha mikutano?" "Mlango huo uko wazi." "Nani kaufungua?" Baba, milango yenu imegusana! Siku moja mwalimu mmoja akauliza kwa ukali nani kachukua chaja yake. Niliapa papo hapo kwamba si mimi, na hata njia ya kuja chuoni kwenu siijui. Hakuna aliyenijibu. Mpaka leo nimebaki mtuhumiwa.

2. Salamu. Kila asubuhi nawaandikia, "Hamjambo wanangu, mmeamkaje?" Mnaniletea kidole gumba. Kidole kitupu, hakina mkono, hakina mwenyewe. Watu mnaofundisha lugha mnashindwa kusema hatujambo? Nilipokuwa mdogo aliyejibu salamu kwa kidole alichapwa.

3. Kile kitone cha kijani kwenye jina la mwanangu. Kikiwaka kinaandika "Yupo". Nikauliza, yupo wapi? Maana hapa hayupo. Kikizimika kinaandika "Hayupo", na moyo wangu unazimika nacho, nampigia, naye ananong'ona, "Mama jamani, nimekwenda msalani." Mama ana haki ya kujua mengi, lakini si hilo. Kama mlitaka kitone chenye faida, kingekuwa na rangi ya kusema amekula au hajala.

4. Profesa wenu yule mkubwa. Simu ilinionyesha, "Profesa anaandika." Nikakaa kumsubiri, kwa heshima, huwezi kumwacha profesa hewani. Akaandika, akaandika. Nikasema leo tutapata elimu. Chakula kikaungua, jirani akaja kuuliza kama nyumba inawaka moto, na profesa bado anaandika. Mwishowe ikaja. "Sawa." Sufuria silidai. Namwombea tu afya ya vidole.

5. Hii nilikwisha kuiandika nikaifuta, ilikuwa ya matusi.

6. Sasa lile lililonitoa machozi. Mwanangu amenieleza kwamba aliwaomba ninyi wataalamu mumpe maneno ya Kiswahili ya kuweka kwenye programu, na kwamba mlikaa kikao kizima kutafuta simu iandike nini mtu akitoka kundini. Wengine walisema "ameondoka". Mwalimu wa sarufi akasema hapana, hilo kavu, kama mtu kaondoka kwa hasira. Tutumie neno lenye kuonyesha kwamba mwenzetu tunamkosa. Mkapiga kura, likapita: "ametutoka". Mkapiga makofi.

Baba, mna shahada ngapi humo ndani? Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kufiwa?

Mwanangu alikuwa akibadilisha simu, ikabidi ajitoe kundini aingie upya. Mimi nilikuwa nikichambua mchele. Ting'. Nikafuta mikono, nikasoma kipande kwa kipande kama ninavyosoma: Fundi. A-me-tu-to-ka. Mchele ulimwagika, kuku wakafurahi. Kilio nilichokitoa hata sikukitambua kama ni changu. Nampigia, simu haipatikani, si anabadilisha simu! Jirani yangu mshonaji akaja mbio na tepu yake shingoni, akaisoma, naye akaanza. Wanaume wakatoa viti. Dada wa marehemu mume wangu akapanda gari huko aliko. Turubai lilikuwa limefungwa pembe tatu.

Ndipo simu ikalia tena: "Fundi amejiunga."

Nikasema basi, mwanangu kafika. Kajiunga na waliotangulia. Nikaanza upya, na safari hii nilianguka kabisa. Ni mshonaji aliyesimama katikati ya waombolezaji na kusema, "Hebu subirini. Kafa, halafu kajiunga? Kajiunga na nini, na kwaya?" Wakati wanabishana, mwanangu akapiga. "Mama, simu mpya ina kamera nzuri sana."

Sasa mtaani nimekuwa kichekesho. Nikipita wananiuliza, "Mama Fundi, binti yupo au hayupo? Tukunje turubai au tuliache?" Wifi yangu alikwisha kufika, akasema hawezi kurudi mikono mitupu bila msiba, akakaa wiki.

Kwa hiyo basi naomba yafuatayo, na ninayaomba kwa adabu.

Kwanza, idara impe mwanangu cheti chenye mhuri cha kuthibitisha kuwa yu hai, nikibandike mlangoni. Pili, apewe likizo. Mtu akiumwa mnampa likizo, akijifungua mnampa likizo. Sioni sababu ya kumnyima aliyefufuka. Tatu, hiyo programu ing'olewe na mzizi wake, mrudi kusemezana kwa midomo mliyopewa bure. Na kama korido imewashinda kwa baridi au kwa uadui, mimi nina sebule. Viti vipo, vingine vilibaki tangu siku ile ya turubai na wenyewe hawajavifuata. Hamishieni idara hapa kwangu. Atakayekuwa na la kumwambia mwenzake atamwambia hapa, uso kwa uso, na mwanangu atakuwa hapa kwa sababu kazi itakuwa hapa, na atakula. Mkiona ombi hilo ni kubwa, angalieni na lenu: mliniulia mtoto kwa kura.

Nisalimie walimu wote. Nisalimie mwalimu wa sarufi, mwambie simchukii, nimemsahihisha tu. Nisalimie profesa, asijisumbue kujibu. Nisalimie aliyepoteza chaja, narudia kwamba si mimi. Mke wako na watoto nao wape salamu zangu, na usiku ukiwa nao uizime hiyo simu.

Ni mimi mama yake Fundi, niliye hai, na mwanangu yu hai.

Nyongeza. Baba, usishangae mwandiko umebadilika, naandikia gotini. Nilipokuwa natafuta bahasha simu ililia. Mwanangu ameandika, "Mama, nakutoa kundini upumzike." Mara ikafuata nyingine: "Umetutoka." Nikajigusa.

Ninyi nadhani mliliona kwa upande wenu, "Mama ametutoka", maana kabla sijapata bahasha nimesikia gari mlangoni, na mmeshuka idara nzima na nyuso za msiba. Mwanangu anasema alijaribu kuwaeleza kwenye programu, lakini hakuna aliyesoma kwa sababu wote walikuwa wanaandika pole; mkamshika mkono mkamtia garini. Mwalimu wa ushairi alikuwa ameshanitungia beti. Nimemwambia aziweke akiba. Profesa amesema maneno mengi na mazuri kwa mdomo, sikujua kama anayo. Mwenye chaja nimemtazama machoni, ameniamini.

Wewe mwenyewe umekaa hapa sebuleni kwenye kile kiti kibovu, tafadhali usiegemee. Barua nitakupa mkononi ukiondoka. Mwanangu yuko jikoni, ananifokea kwa sauti yake mwenyewe, na anakula sahani ya pili.

Kwa hiyo programu iacheni palepale. Neno nalo msiliguse, mwalimu wa sarufi alikuwa sahihi. Nirudisheni tu kundini leo hii, ili Jumapili niwatoke tena.