Kahawa ya Daktari na Mpaka wa Kiuno cha Baba

Kwa Daktari wa Zamu ya Asubuhi,
Zahanati ya Mtaa.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: SENTENSI ULIYOIANZA MBELE YA BABA YANGU, NAYE HAKUNGOJA MWISHO WAKE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na foleni ya wagonjwa ikiwa fupi. Mimi ni binti wa yule mpima ardhi mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mzee Vigingi, mwenye kofia ya kahawia na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Nakuandikia kwa heshima zote, baada ya kujiuliza kwa muda mrefu kama nina haki ya kulalamika. Nimeona ninayo, ingawa huenda si yote.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Miezi michache iliyopita ulimpima baba, ukamwambia kwamba kisukari bado hakijaingia ndani ila kimeshabisha hodi. Hapo sina ugomvi nawe. Ugomvi unaanzia pale alipokuuliza kuhusu kahawa, nawe kwa wema wako ukamjibu: "Mzee, kahawa si adui. Tafiti nyingi zimeona kwamba wanywaji wa kahawa hupata kisukari kwa uchache kuliko wasiokunywa, lakini..." Wakati huo mimi nilikuwa dirishani kwa mtoa dawa. Yaliyofuata nimesimuliwa na muuguzi wako: "Dada, daktari alisema lakini. Ila mzee wako alikuwa ameshavaa kofia, yuko getini anamuaga mlinzi."

Kwa hiyo baba alirudi nyumbani na nusu ya sentensi, na kwa bahati mbaya ndiyo nusu tamu.

2. Tangu siku hiyo kahawa kwetu si kinywaji tena, ni tiba. Huinywa asubuhi, mchana, alasiri na jioni, kwa kikombe cha bati alichokuwa akienda nacho kazini, na nikimsemesha katikati hunyoosha kidole: "Subiri nimalize dozi." Ningevumilia kama ingekuwa kahawa tupu. Humo hutia maziwa mazito ya kopo, na vijiko vya sukari ambavyo sitataja idadi yake kwa kumsitiri mzazi. Nilipomkumbusha kwamba sukari ndiyo iliyotupeleka zahanati, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe umesoma, mbona unachanganya mambo? Dereva ni kahawa. Sukari ni abiria tu. Umeona wapi abiria akinyang'anywa leseni?"

Nimechukua hatua. Kopo la sukari nimelihamishia chumbani kwangu, juu ya meza ninapofanyia kazi yangu ya kuhariri vitabu, na mlango naufunga kwa ufunguo. Pamoja na hayo sukari inazidi kupungua, na kopo nimeshalijaza mara kadhaa. Sijui mzee anapitia wapi. Dirisha lina nondo. Nalitaja jambo hili ili uone tunashindana na mtu wa namna gani.

3. Ulimwagiza pia ajipime kiuno. Daktari, hukujua unamwagiza nani. Mtu aliyetumikia idara ya ardhi hadi kustaafu hapimi kitu kabla hajaweka kigingi. Alitoa utepe wake wa kazi, akauzungusha chini ya tumbo, pale unapopita mkanda, akatia alama ya wino kwenye mkanda wenyewe na kutangaza kuwa huo ndio mpaka. Tangu hapo hupima palepale, hupata jibu lilelile, na hunisomea kwa fahari. Nilipomwonyesha, kwa adabu, kwamba kuna sehemu kubwa ya baba iliyo juu ya mkanda na inayochungulia upande wa pili, alisema: "Hicho ni kichaka. Kichaka kikikua, mpaka hauhami. Tukianza kuhamisha mipaka kwa sababu ya vichaka, kesi za ardhi hazitaisha hadi kiama."

Chuo kikuu nilifundishwa mbinu za utafiti na watu makini. Sikuwahi kukutana na hoja iliyosimama wima namna hiyo juu ya msingi uliooza namna hiyo. Nakiri pia kwamba sikupata la kumjibu hadi kesho yake, nikiwa naoga, na nilipotoka nilikuwa nimeshalisahau.

4. Baba sasa anatibu. Kibaraza chetu kimekuwa tawi la zahanati yako. Rafiki yake fundi cherehani huja na kikombe chake mwenyewe, akae, aeleze maumivu ya goti, na kabla hajamaliza ameshamiminiwa. Juzi nilimsikia fundi huyo akilalamika, "Mzee mwenzangu, mbona suruali zangu mwenyewe nazipanua kila mwezi?" Baba akamjibu bila kupepesa macho, "Hiyo ni dawa inafanya kazi. Ugonjwa unatoka kwa nje." Fundi alifikiri kidogo, akaomba kikombe cha pili.

5. Kahawa ya duka la karibu ameikataa, eti imekaa sana na imepoteza nguvu. Huifuata duka la mbali, ng'ambo ya soko, juu kule kwenye mwinuko, kila siku kwa miguu, na hununua ya siku moja tu kwa hoja kwamba dawa haifai kulala kabatini. Jozi ya pili ya viatu imeshatoboka soli. Mimi huku nyuma nafanya nini? Nakaa. Nakaa mezani nikimngoja kwa wasiwasi, na chai yangu na biskuti, hadi kiti kimechukua umbo langu. Wasiwasi huu, Daktari, unaniumiza mgongo, na ni haki yako kujua kwamba umetokana na sentensi yako.

6. Hili la sita nililiandika mwanzo nikalifuta, kisha nikalirudisha. Mama yangu alifariki kwa kisukari. Yeye alikuwa mgonjwa wa kuigwa: aliketi hadi daktari amalize, akauliza maswali, akaacha kila alichoambiwa aache. Siku niliyompandishia baba sauti juu ya maziwa ya kopo, aliweka kikombe chini akasema taratibu, "Mama yako alizishika lakini zote. Hakuacha hata moja. Niambie zilimsaidia nini."

Najua kitaalamu kwamba mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, kwamba huenda bila tahadhari zile tungempoteza mapema zaidi. Jaribu kumwambia hivyo mume wake. Ninachojua ni kwamba nimebakiwa na mzazi mmoja, na sipendi kumhesabia vijiko; naogopa tu.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo yatekelezwe:

(a) Umwite baba na kumsomea "lakini" yake yote, kwa sauti, akiwa ameketi na kofia ikiwa mikononi mwako.

(b) Kuanzia sasa habari njema zitolewe mwisho, baada ya makatazo yote, kama mtoto anavyopewa peremende akishachomwa sindano.

(c) Mlango wa chumba cha daktari ufungwe kwa ndani hadi nukta ya mwisho ya sentensi, na mlinzi wa geti asimpokee mtu salamu ya kuaga bila uthibitisho wa muuguzi kwamba amesikia lakini.

(d) Ikiwa haya ni magumu, basi habari njema ziwekwe kwenye lile kabati la dawa kali, na zisitolewe kwa mtu yeyote mwenye umri wa kustaafu isipokuwa mbele ya mtoto wake aliyesoma, mwenye akili timamu na asiyekunywa kahawa.

Sina hakika kama nimekutendea haki. Huenda sentensi yako haikuwa na kosa ila urefu. Lakini mtu akiogopa hutafuta wa kumwandikia, na anwani yako ndiyo niliyokuwa nayo.

Nisalimie muuguzi, mtoa dawa, mlinzi wa geti ambaye hana hatia, na wote walioketi kwenye benchi siku utakapoisoma barua hii. Fundi cherehani anakusalimu, na anauliza kama ile tiba inaruhusiwa pamoja na andazi.

Wako katika mashaka na heshima,

Binti wa Mzee Vigingi

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaigundisha. Imenibidi niifungue.

Leo asubuhi tulikuja kwa kipimo cha marudio, nawe hukuwa kwenye zamu. Muuguzi alimpima baba kiuno kitovuni, bila kujali vigingi wala kelele za mwenye kiuno. Kimepungua. Sukari yake imeshuka pia. Alipoulizwa amefanya nini, alisema, "Mwanangu alifungia sukari. Siku za kwanza niliteseka. Baadaye abiria wakashuka wenyewe, na hata yale maziwa nikaona yananiharibia dereva." Amekuwa akinywa kahawa tupu kwa wiki nyingi. Sikuwahi kuchungulia kikombe.

Kisha muuguzi akanigeukia: "Dada, na wewe kaa hapa, umekuja hujanywa chai?" Nilikuwa sijanywa. Kipimo changu cha sukari kimepita hata kile cha kwanza cha baba. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba ufunguo wa chumba changu uko mmoja tu, na siku zote umening'inia shingoni mwangu.

Muuguzi alinishika bega kwa upole. "Usiogope, dada. Bado hujafika pabaya, na jambo linarekebishika, lakini..."

Sehemu iliyobaki siwezi kukuripotia. Nilikuwa getini. Baba alikuwa pale, kofia kichwani, ameshamaliza kumuaga mlinzi. Aliutazama mkoba wangu, nilioukwapua nikikimbia kama yeye na kofia yake, akacheka hadi akashika ukuta.

Kwa hiyo naomba ombi (c), la mlango, lifutwe mara moja. Hiyo lakini yangu nitunzieni. Nitaifuata wiki ijayo. Leo baba ananipeleka duka la mbali, kwa miguu, na ameniambia nivae viatu ambavyo sivionei uchungu.