Hoteli Ushindi Yatafuta Kushindwa

Jumatatu, 7 Julai

Televisheni imekuja mtaani kwetu Kisugu. Haikuja kwangu. Imekwenda kwa Fatumah!

Niandike polepole. Asubuhi magari meupe yamesimama barabarani, kati ya hoteli yangu na mgahawa wa Fatumah ulio ng'ambo. Nikavaa koti. Nikatoka mkono nimeshaunyoosha. Wakanipita kama nguzo ya umeme. Kumbe ni wale wa kipindi cha Jiko Lifufuke, kinachookoa migahawa inayokufa. Mpishi Jasper mwenyewe ameshuka, aproni nyeusi, miwani juu ya kipara.

Mgahawa wa Fatumah unakufa, sikatai. Chai yake ina rangi ya mtaro. Wateja wake wa kudumu ni inzi. Lakini mimi? Hoteli Ushindi inajaa kila mchana: madereva, wauza nyanya, polisi wastaafu wenzangu. Malakwang ya mke wangu, ile mboga chachu ya kwetu Gulu iliyoungwa kwa simsim, watu wanaifuata kutoka Nateete. Nimefanya kazi vizuri miaka yote. Na zawadi yangu ni ipi? Kumtazama aliyeshindwa akipakwa poda!

Mke wangu Aryemo amesema nimfurahie Fatumah, mjane yule amehangaika. Nimemwambia nina furaha sana. Nikaenda kukaa chooni mpaka furaha ipungue.

Jumanne, 8 Julai

Nimekwenda kunywa chai kwa Fatumah. Ujirani tu. Kwa bahati nikakaa kwenye kiti kilichotazamwa na kamera. Dada mmoja anayeitwa Nakhisa, mpangaji wao wa mambo yote, ameniomba nisogee. Nimesogea. Kamera nayo ikasogea, nami nikaifuata. Mwishowe ameniomba nisogee mpaka kwangu.

Bado nilikuwa mlangoni Jasper alipoonja supu.

"Mama, hii ni supu au ni maji ya kunawia mikono?"

Fatumah akajifuta macho kwa ncha ya ushungi. Akasema tangu mumewe afariki anapika peke yake, na ladha ya kitu haisikii tena. Watu wote wakalia. Jasper akalia. Muuza nyanya akalia hadi akakalia nyanya zake. Mimi pia nililia, lakini nani alinipiga picha?

Ningeweza kulia vizuri kumshinda. Nimekuwa polisi. Nimeona mengi.

Jumatano, 9 Julai

Binti yetu Ajok amejifungua huko Gulu. Mtoto wa kiume, wote wazima. Aryemo amepanda basi la kwanza. Ameagiza kwamba Akot, anayemsaidia jikoni, apike, na mimi nisiguse hata mwiko.

Nikamfuata Nakhisa penye magari, nikaomba nami niingizwe kwenye kipindi. Akauliza kama hoteli yangu inakufa. Nikajibu kwa fahari kwamba inajaa mpaka watu wanakula wamesimama. Akanipa pole! Akasema wenye wateja hawana kazi nao. Lakini kuna mgahawa mmoja umejitoa, na nafasi yake iko wazi. Ningekuwa na hoteli inayokufa kweli, angekuja kuikagua Ijumaa.

Ijumaa! Nani anaweza kufilisika haraka hivyo?

Nimempa Akot likizo. Ameshangaa, maana hajawahi kuisikia kwangu. Nimemwambia ni kwa ajili ya afya yake.

Alhamisi, 10 Julai

Kushindwa ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

Nimepika mwenyewe. Chumvi nimemwaga bila kutazama. Posho, yaani ugali wetu, imeungua chini na kubaki mbichi juu, jambo ambalo sikujua linawezekana. Vitambaa vya meza nimevigeuza upande wenye madoa. Kisha nikakunja mikono, nikangoja watu wakasirike.

Sajini Oyat, tuliyekuwa naye kikosi kimoja, akatafuna, akameza.

"Afande, umenikumbusha chakula cha mafunzo," akasema. Akaomba nyongeza!

Muuza nyanya akauliza Aryemo yuko wapi. Nikasema amekwenda kumwona mjukuu. Kosa kubwa. Wote wakasimama kunipa mkono. Wakasema maskini, mzee yuko peke yake jikoni, tumvumilie. Wakala kila kitu, machozi yakiwatoka kwa ile chumvi, wakanishukuru.

Ikabidi niwatukane. Muuza nyanya nilimwambia anakula kama mashine ya kusaga. Alicheka. Oyat nilimwambia hakuwahi kujua kupiga saluti, na kwamba kikosi kizima kilikuwa kinamcheka. Yeye hakucheka. Aliweka kijiko chini taratibu, akachukua kofia yake, akaenda. Wengine walimtazama, wakanitazama, wakamfuata.

Hoteli tupu! Nimekaa katikati ya viti. Nilikuwa na furaha. Nadhani ilikuwa furaha. Ilikaa kifuani kama posho ile.

Kupitia dirishani nimewaona wakivuka barabara kwenda kwa Fatumah. Kuta zake sasa ni za kijani. Na amepewa friji yenye mlango wa kioo. Ina taa ndani! Soda zake zinaonekana kama zinahubiri.

Ijumaa, 11 Julai

Nakhisa amekuja. Kila kitu tayari: viti vitupu, na inzi waliofukuzwa kwa Fatumah wote wamehamia kwangu. Nimempakulia. Ameonja, amegeuka ukutani, ametema. Safi kabisa!

Ukafika wakati wa kulia. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimetoka kukata pilipili, nami nikajifuta macho. Machozi yalikuja, sikatai. Makelele pia yalikuja. Nimegonga meza, nikagonga mlango, nikamwita mama yangu. Nakhisa ndiye aliyenimwagia maji usoni.

Nilipoanza kuona tena, akaniuliza kwa upole tatizo la hoteli ni nini. Nikasema ni chakula. Akakubali. Nikamuuliza ni kibaya kiasi gani. Akasema amezunguka Uganda nzima na kipindi hiki, na hajawahi kula kibaya namna hii. Kwa Fatumah kulikuwa na nafuu.

Sijui nini kilinipata. Kwa Fatumah kulikuwa na nafuu! Nikasimama. Nikamwambia hii ndiyo hoteli bora kuliko zote Kisugu, Makindye yote, na kama ulimi wake haufanyi kazi auache hospitali. Nikafungua mlango, nikamwonyesha njia.

Akageuka pale kizingitini. "Mzee, hoteli tungeweza kuiokoa," akasema. "Mwenye hoteli ndiye hatuna dawa yake."

Hawakunipiga picha hata wakati huo.

Jumamosi, 12 Julai

Aryemo amerudi. Ameona sufuria nyeusi. Ameona viti. Amenusa. Akaanza kusugua sufuria. Afadhali angenigombeza.

Mara Fatumah akaingia, aproni mpya, macho mekundu. Leo ndiyo siku ya kufungua upya, watu wamejaa, na kupika peke yake mbele ya kamera hawezi. "Dada Aryemo, nisaidie," akasema. "Wewe tu ndiye ninayekuamini."

Mke wangu akaanza kufunga kanga kiunoni. Nikamwambia hatuwezi kumsaidia adui.

"Adui gani, Tarcisio?" akasema. "Nilipolazwa hospitali, nani alikuwa ananiletea uji kila asubuhi?"

Nikasema nilidhani uji ni wa hospitali.

Wamevuka pamoja. Fatumah amepika kisra, ile mikate myembamba ya Wanubi, laini kama kitambaa. Aryemo amepika malakwang kando yake. Jasper amechovya, ameonja, amevua miwani, amekaa chini. Kamera zote zikamgeukia Aryemo. Mke wangu! Akacheka kwa sauti, kichwa nyuma, kama msichana niliyemwoa. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kicheko kile. Nimekiona kutoka ng'ambo ya barabara, kama mtu anayetazama sinema bila tiketi.

Fatumah ameniletea sahani kwa mkono wake. "Kula, Baba Ajok. Umekonda wiki hii."

Nimekula yote, isiharibike. Ni tamu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumapili, 3 Agosti

Kipindi kimeonyeshwa leo alasiri. Tumekitazama kwa Fatumah, maana yeye sasa ana skrini kubwa kama mlango. Aryemo ameonekana, akaonekana, akaonekana tena. Jasper amemwita malkia wa simsim. Mtaa mzima ukapiga makofi. Tayari wageni wanakuja kupiga naye picha, na mimi wananipa simu niwapige. Wananiita mume wa Aryemo. Sasa yeye na Fatumah wanataka kupika jiko moja.

Wateja wangu wamerudi, kwa sharti la mke wangu kwamba nimwombe Oyat radhi. Oyat akadai nimpigie saluti mbele ya watu wote. Akaikosoa.

Kipindi kilipokwisha Aryemo alinishika mkono. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama nimejifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza sana, na nilikuwa namaanisha. Nilikuwa namaanisha kabisa mpaka lilipokuja tangazo.

Kuna kipindi kipya! Kinaitwa Ndoa Ifufuke. Wanakuja nyumbani kwako na kamera, wanaokoa ndoa inayokufa, na wote wawili, mume na mke, wanapakwa poda.

Nimetoka uani, nimepiga simu. Kaka aliyepokea ameuliza kama ndoa yangu ina hali mbaya. Nimechungulia ndani. Aryemo alikuwa ananiwekea kipande kikubwa cha samaki, akikifunika kisipoe.

Mbaya, nimemwambia. Mbaya sana.

Watakuja Alhamisi. Kesho asubuhi naanza kumsema mama yake.