Moyo Wenye Vyumba Vitatu na Msumari

Mheshimiwa Jaji,

Kwa heshima na taadhima, naomba kuunganishwa katika shauri la wanafunzi thelathini na mmoja dhidi ya Baraza la Mitihani, lililowafutia matokeo ya biolojia eti kwa sababu majibu yao yanafanana. Mimi ndiye mwalimu wao. Nimeudhika, na sitapindisha maneno.

1. Ni kweli wote waliandika kwamba moyo wa binadamu una vyumba vitatu. Niliwaambia mimi. Nafundishia mchoro wa ukutani, na chumba cha nne kimezibwa na kabati la maabara, ambalo halijasogezwa tangu niajiriwe. Miaka kumi na moja nimefundisha vitatu, na hakuna mzazi aliyelalamika.

2. Baraza linashangaa kwamba wote walichora msumari juu ya moyo. Mheshimiwa, mchoro unaning'inia kwenye msumari. Mtoto anayekumbuka hata msumari anastahili alama za ziada, si kuitwa mwizi. Nahodha wetu wa mpira, kijana mwenye ndevu zake, alilia mbele yangu kwa kukosa nafasi ya chuo, nami nikalia naye.

3. Aliyeachiwa matokeo ni mmoja tu, mpwa wangu, aliyeandika vyumba vinne. Vinne kavitoa wapi? Mimi sikumfundisha. Naomba achunguzwe, na mama yake ahojiwe, yaani dada yangu, ambaye ni muuguzi na siku hizi ananiita Vyumba Vitatu mbele ya mashemeji.

4. Baraza liamriwe kurudisha matokeo kabla vyuo havijafunga milango. Likikataa, litangaze rasmi kwamba moyo una vyumba vitatu, angalau kwa mwaka huu.

Wanafunzi wangu hawajui kuangaliziana, naapa. Ushahidi ni hati zao za kiapo nilizoambatisha, ambazo kila mmoja aliandika mwenyewe, kwa maneno yake, mimi nikiwa nimesimama mlangoni.

Nisalimie makarani wote, mlinzi wa lango aliyeniazima kalamu, na jamaa wa nyumbani kwako.

Wako mtiifu na mwenye uchungu,
Mwalimu wa Biolojia

Baada ya kusaini: Leo asubuhi ndipo nimezisoma hati zenyewe. Zote thelathini na moja zinaanza hivi: "Mimi ni binti wa pili wa fundi viatu." Hata ya nahodha. Nakuomba sana, Mheshimiwa, usizisome zote siku moja.